Bibi Sikuzani na Kelele za Dunguni

Paukwa!
Pakawa!
Mnaitikia kama mmelishwa uji wa jana. Paukwa!
PAKAWA!

Haya. Hapo zamani za kale, babu zenu bado hawajui kufuta makamasi, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mpunga. Kijiji chetu hicho, wala msibishe, hakina mfano. Mwalimu alikuwa mmoja tu, Bibi Sikuzani. Mfupi, mkavu, sauti kama tarumbeta.

Shule yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati. Lakini mpunga ukianza kuiva, ndege kwelea hao! Vuuu! Watoto wote wanapanda madungu, vile vichanja virefu vya shambani, kuamia, kufukuza ndege. Darasani, kimya.

Mkaguzi akaja, akakuta madawati matupu.

"Mwalimu, mwezi ujao nikikuta hivi, nafunga shule. Mabati nayapeleka kijiji kingine."

Bibi Sikuzani akaenda kwa Mzee Ngwembe, baba wa watoto saba. "Ndugu yangu, nipe watoto."

"Wakija kwako, Mwalimu, kwelea watakuja kwangu. Tutakula chaki?"

Kesho yake Bibi akajitwika ubao, akaingia matopeni. Chwapu, chwapu, chwapu, dungu la kwanza, akafundisha. Chwapu, chwapu, chwapu, la pili, akafundisha. Watu wakacheka: "Mwalimu karukwa na akili!"

Akawauliza watoto, "Mnawafukuza ndege vipi?"

"Swaa! Swaa!"

"Kelele nzuri mnazitupa bure. Semeni: mbili mara mbili?"

"NNE!"

Vuuu! Kwelea wakaruka.

Mwezi ukapita. Mkaguzi huyo, na mafundi wawili. Akachungulia darasani: tupu. "Pandeni, ng'oeni." Ko! Ko! Ko! Bati la kwanza likalegea.

Mara, huko mashambani:

"Saba mara nane?"

"HAMSINI NA SITA!"

Dungu hili linauliza, dungu lile linajibu. Mkaguzi akavua viatu. Chwapu, chwapu, chwapu, mpaka dungu la Maftaha, kitinda mimba wa Mzee Ngwembe. Akapanda akihema.

"Wewe, tisa mara saba?"

"Sitini na tatu. Babu, sogea, unaniziba, ndege hao!"

Mkaguzi akahesabu kwa vidole. Sitini na tatu kweli! Bibi Sikuzani, ubao kichwani, tope magotini, akampa daftari la mahudhurio. Mkaguzi akaita majina arobaini. Dungu kwa dungu, "Nipo!" arobaini.

Akageukia shuleni, akapaza sauti: "Shukeni! Bati la watu hilo!"

Na aliyepanda kulipigilia alikuwa Mzee Ngwembe mwenyewe. Mpunga wake mwaka ule haukuliwa hata suke.

Bibi Sikuzani kafa zamani. Lakini kwetu mpaka leo hakuna swaa, ndege wanafukuzwa kwa hesabu. Mimi hapa darasa la nne niliagana nalo kupitia dirishani, lakini njooni na wasomi wenu tushindane jedwali. Mtalia! Mimi nimesomea dunguni.

Basi jueni: mwalimu wa kweli hakungoji mlangoni. Anakufuata ulipo, hata penye tope.

Hadithi yangu imeshuka dunguni, na ngazi nimeondoka nayo.