Bendera Isiyoshuka

Hapo zamani, katika mji uliokuwa na sheria nyingi kuliko visima, palikuwa na fundi wa viraka aitwaye Ngwali, maskini hohehahe, ambaye kanzu yake ilishonwa na kushonwa tena hata mwenyewe akawa hajui ni wapi palipobaki kanzu. Mtawala wa mji huo, Sultani Mwinyi Shaha, alikuwa ameitungia bendera yake sheria tatu: isiondolewe kileleni mwa mlingoti ila siku ya kufa Sultani, isiguse ardhi, na kichwa cha mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, kisiwe juu yake.

Basi siku moja upepo ukaichana bendera pindo la juu. Ngwali akapita uwanjani, akaitazama, akasema, "Alhamdulillahi, leo nimepata ndugu." Mdomo wake ulikuwa na desturi ya kutangulia akili, naye hakuwahi kuukamata hata mara moja. Waziri alikuwa nyuma yake, akamsikia, akampeleka kwa Sultani.

"Kumbe bendera yangu ni ndugu yako," akasema Sultani. "Basi mtibu nduguyo. Ishone kabla ya adhuhuri ya kesho, wala sheria hata moja isivunjwe. Ikivunjwa, nitakukata kichwa."

"Ewe Seyyidi," akajibu Ngwali, "kichwa chenyewe si cha thamani, kazi zake unaziona. Lakini sina kingine cha kuvalia kofia."

Sultani hakucheka.

Kulipokucha, Ngwali akaomba askari wenye majembe, na vinu vinne kutoka jikoni. Askari wakaufukua mlingoti shinani, wakaulaza taratibu juu ya vinu viwili, na bendera ikatandazwa juu ya vile vingine.

"Umeishusha bendera," akasema Waziri. "Umekwisha kufa."

"Hasha, Bwana Waziri. Nimeulaza mlingoti. Bendera iko kileleni pake, na ardhi haijaigusa. Ila naona kichwa chako kiko juu yake, na Sultani naye yuko roshani."

Waziri akatafakari, kisha akalala kifudifudi. Askari wakalala, kadhi akalala, na watu wote uwanjani wakalala. Sultani akashuka, akasimama kidogo akikumbuka ni nani aliyeandika "mkubwa kwa mdogo", naye akalala vumbini na joho lake la zari.

Ngwali akajiingiza chali chini ya bendera, akaanza kushona. Alishona vibaya kuliko siku zote, kwa maana alikuwa hajawahi kushona mbele ya wakubwa, wala akiwa amelala chali. Ikawa anajichoma sindano, uzi unapotea, na jua linapanda.

"Bado?" akauliza Sultani.

"Bado, Seyyidi. Nimeishona pamoja na mkono wa kanzu yangu. Nafumua."

Sisimizi walikuwa wamekwisha kuingia ndevuni mwa Sultani. Akasema, "Waziri, andika."

"Kalamu ninayo, Seyyidi, lakini wino nimeulalia."

"Basi kumbuka. Kuanzia leo bendera ipandishwe asubuhi, ishushwe jioni, ipokewe kwa mikono miwili na ikunjwe. Ikichanika, ishushwe ishonwe, na mshonaji akae kitako kama binadamu. Na sheria ya vichwa nimeifuta. Haya, tuinuke."

Watu wakainuka wakijipangusa. Ngwali akamaliza kushona, akiwa amekaa kitako, na adhuhuri ilikuwa haijaingia.

"Hila hii ulijifunza kwa nani?" akauliza Sultani.

Ngwali akaona haya. "Si hila, Seyyidi. Mimi naogopa kupanda. Hata darini kwa jirani sipandi. Nilitafuta njia ya kubaki chini, mengine yakajileta yenyewe."

Sultani akakung'uta joho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi niliogopa kuwa ikishuka hata siku moja, watu wataona mji unaendelea tu."

Baada ya kusema hayo akacheka, akacheka mpaka akamshika Waziri bega asianguke. Akamwamuru Ngwali awe mtunzaji wa bendera maisha yake yote, naye Ngwali akakubali, baada ya kuuliza mara mbili kama kamba ya kupandishia bendera huvutwa mtu akiwa amesimama chini.