Kituo Kilichohamishwa

Wapendwa, kabla hatujafungua kitabu, niwape habari za kinyozi mmoja. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kuu ya mji fulani. Ng'ambo, wakitazamana milango, palikuwa na mama mpishi wa supu na chapati. Miaka kumi na moja walipungiana mikono kila asubuhi, huyu ameshika taulo, yule mwiko.

Mji ukaamua kuleta tramu, lile gari la reli linalopita katikati ya barabara na lisilojua foleni. Wapimaji wakaja, wakachora mstari mweupe pale kituo kitakapokaa. Mstari ukaangukia mlangoni kwa mama mpishi.

Kinyozi akaugua. Hakuumwa kichwa wala tumbo, aliumwa ule mstari. Akinoa wembe anautazama, akikung'uta shuka anautazama. "Kwa nini kwake? Mimi sina mlango?" Hata supu ya yule mama aliyoizoea ikawa haipiti kooni. Kijicho, ndugu zangu. Nani humu hajawahi kuugua hivyo? Msitazamane, nawauliza ninyi.

Akaandika barua kwamba kituo kile ni hatari kwa watoto wa shule, kihamishwe. Sahihi alizikusanya pale pale kwenye kiti chake. Mteja kafungwa shuka, wembe uko kisogoni, kinyozi anamwambia, "Tia sahihi hapa, ni kwa ajili ya watoto." Wewe ungekataa?

Mwisho akavuka barabara, bila haya.

"Dada, tunawatetea watoto. Nisaidie sahihi yako."

Mama akafuta unga mikononi. "Kama ni watoto, kaka, sina neno. Mungu atanipa kwa njia nyingine." Akaandika jina lake.

Kituo kikahamishwa mbali, kule darajani.

Siku ya uzinduzi tramu ikaja imepambwa bendera, inapiga kengele. Kinyozi kasimama mlangoni. Akaona madirisha yamejaa vichwa. Vichwa, wapendwa, vyenye nywele na ndevu za wiki tatu. Vikampita vyote, hakikushuka hata kimoja.

Ng'ambo akamwona jirani yake anafunika pipa la maji kwa kibao kipya. Akavuka.

"Dada, kibao gani hicho?"

"Nilikiandikisha kwa ajili ya kile kituo. Sasa si bora kifunike maji."

Akakisoma. SUPU NA CHAPATI HAPA. Chini yake: KINYOZI HODARI, VUKA BARABARA. Na mshale mwekundu, umeelekezwa kwenye kibanda chake.

Sasa tuje kwetu sisi. Tunapiga magoti na kusema, Bwana, nibariki. Baraka ikishukia mlango wa jirani, tunaiandikia barua iondoke. Na hatuandiki kwamba tuna wivu. Tunaandika kwamba tunawajali watoto, tunaijali kwaya, tunalijali kanisa. Wengine mmekusanya sahihi wiki hii hii, nanyi mnajijua. Mlijuaje kwamba baraka ile haikuwa na mshale wa kuja kwenu?

Yule kinyozi bado anakula pale, na kila akifunua pipa achote maji, anayasoma yale maneno. Mama hajawahi kumuuliza chochote. Mtakapotoka hapa, tazameni ng'ambo ya nyumba zenu. Kama barua bado iko mfukoni, ichaneni kabla ya kuvuka.