Ng'ombe Aliyelivusha Soko la Marbeki

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, moto unatutosha sote. Hapo zamani za kale, mbali huko Uingereza, kwenye baridi ya kung'ata masikio, palikuwa na mji mdogo uitwao Marbeki. Marbeki haukuwa na dhahabu wala ngome. Ulikuwa na soko la Jumanne, na soko hilo ndilo lililowalisha watu wake.

Ng'ambo ya mto aliishi mjane mmoja, Hawise, mtengeneza jibini, pamoja na ng'ombe wake Bruna. Mwaka mmoja mjumbe wa mfalme alitangaza: "Jumanne nakuja Marbeki! Jua likigusa ncha ya mnara wa kanisa, nikute meza arobaini, kila meza na bidhaa yake. Ikipungua moja tu, soko nalihamishia mji wa jirani, milele!"

Jumanne ikafika, lakini mvua ilitangulia. Kulipopambazuka, daraja la mto halipo, limesombwa! Maji ya matope yananguruma, ngu! ngu! ngu! Wauzaji wote arobaini wa mashambani wamekwama ng'ambo.

"Tuogelee!" wakapayuka mabata bukini.

"Nyie mna mbawa, sisi je?" watu wakawajibu.

Farasi mmoja akarudi nyuma. "Mimi? Humo? Sithubutu!"

Hawise alisimama na jibini lake kichwani, pande kubwa kama gurudumu, kazi ya kiangazi kizima. Machozi yalimlengalenga. Ndipo Bruna akamsukuma kwa pua.

"Bibi we, kabla ya daraja watu walivuka hapa kwa miguu. Mama yangu alinionyesha mawe ya kukanyaga chini ya maji. Shika mkia!"

Hawise akashika. Mwenye sufu akamshika vazi, mwenye mayai akamshika mwenye sufu, mpaka wote wakawa kamba moja ya watu. Farasi naye akafuata, kichwa chini kwa aibu.

"Bruna, jiwe lipo?"

"Lipo, shika mkia!"

Maji magotini.

"Bruna, jiwe lipo?"

"Lipo, shika mkia!"

Maji kiunoni.

"Bruna, jiwe lipo?"

Chubwi!

Lo! Bruna ameteleza! Pembe zinaonekana, kichwa hakionekani. Hawise hakungoja. Akaliachia jibini lake, akazidaka pembe kwa mikono miwili, akavuta, akavuta, akavuta! Jibini likaenda na maji, likizunguka kama pia. Bruna akaibuka akipiga chafya.

"Lipo! Lipo! Shika mkia!"

Wakavuka! Mbio hadi sokoni, maji yakiwachuruzika. Mjumbe akapita meza hadi meza: sufu, mayai, bukini wakigombana. Akafika meza ya mwisho, ya Hawise. Tupu.

"Mama, bidhaa yako iko wapi?"

"Bwana mkubwa, imechukuliwa na mto."

Mjumbe akatazama mnara. Jua limebakiza upana wa kidole kugusa ncha. "Basi soko hili..."

"Subiri, Bwana!" Hawise alikuwa amekiona kiwele cha Bruna kimejaa tele, hajakamuliwa tangu jana. Akanyakua bakuli, akachuchumaa. Chwa! Chwa! Chwa! Maziwa yakafuka mvuke kwenye baridi ile. Akaliweka bakuli mezani, na jua likagusa ncha.

"Bidhaa hiyo, Bwana. Onja."

Mjumbe, aliyekuwa akitetemeka tangu alfajiri, akalishika bakuli. Akanywa. Watu na bukini wakanyoosha shingo. Akanywa mpaka tone la mwisho, akalishusha, masharubu meupe pe!

"Mama," akasema, "huna lingine?"

Weee! Soko lililipuka kwa vigelegele! Mjumbe akagonga muhuri kwenye hati, soko likawa la Marbeki daima. Hawise akamkumbatia Bruna shingoni, akicheka na kulia pamoja.

Tangu siku hiyo, Jumanne haianzi Marbeki mpaka bakuli la maziwa ya moto liwekwe mezani, na wa kwanza kulinywa ni mgeni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyeamini akamwulize ng'ombe.