Pimbi Aegesha Gari Mlangoni pa Makumbusho

"Jamani, masikio mmekuja nayo?"
"Tumekuja nayo, yote mawili!"
"Na midomo?"
"Imefungwa, isipokuwa ya kucheka!"
"Ninacho kisa, ila ni cha uongo."
"Hicho hicho tukitakacho!"
"Basi kaeni, msisukumane."

Hapo kale, lakini si kale sana kwa sababu magari yalikuwapo, aliishi mama mmoja, Pimbi. Alikuwa mdogo, mviringo kama andazi, na mwingi wa wasiwasi. Akifunga mlango, alirudi kutazama kama umefungwa. Akishatazama, alirudi tena kutazama kama alitazama vizuri.

Pimbi aliishi majabalini na watoto wake wawili, Jecha na Kidawa, pamoja na mama yake mzazi, Bibi Mwanakheri. Macho ya Bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na magoti yake yalikuwa na kiburi. Yalimpa hatua hamsini, basi. Ya hamsini na moja, lazima akae chini. Pimbi alikuwa amezihesabu.

Siku moja mbayuwayu akaleta habari kutoka mjini. Ungo wa Bibi umeonekana! Ungo aliousuka kwa mikono yake alipokuwa msichana, wenye ukingo mwekundu, uliochukuliwa na mafuriko miaka mingi iliyopita, sasa umetundikwa ukutani katika Makumbusho Makuu. Ila Jumamosi ndiyo siku ya mwisho. Saa kumi jioni milango ikifungwa, vitu vyote vinafungashwa na kupelekwa ng'ambo.

"Nikauone," akasema Bibi. "Macho haya hayanisubiri, mwanangu. Nikauone mara moja tu, halafu yakitaka kuzima, yazime."

Pimbi akachukua karatasi. Ungo haukumpa wasiwasi, wala safari. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja: gari ataliweka wapi? Akamhoji mbayuwayu, akamrudisha mjini mara mbili akapime upya, kisha akaandika:

Kwanza, Kiwanja cha Langoni. Hatua arobaini hadi mlangoni. Bibi hapumziki.
Pili, Ghorofa la Magari. Hatua mia tatu na kumi. Bibi anapumzika mara sita.
Tatu, Uchochoro wa Nyuma. Hatua mia tisa. Bibi anapumzika mara kumi na saba, na kuna kunguru.

Jumamosi alfajiri wakajaza kikapu: viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma. Wakapanda kigari chao chekundu. Tutu-tutu-tutu! Wakashuka mlima. Tutu-tutu-tutu! Wakavuka daraja. Wakarudi nyumbani kutazama kama mlango umefungwa. Tutu-tutu-tutu! Wakaingia mjini saa sita kamili.

Sasa, mjini kule alikuwako Kiboko. Kiboko ndiye aliyesimamia sehemu zote za kuegesha magari. Msiniulize nani alimwajiri. Hakuna aliyemwajiri. Alijipatia filimbi, basi, akawa mkubwa.

Pimbi akafika Kiwanja cha Langoni. Kilikuwa kitupu, cheupe, hakina hata baiskeli.

"Priii! We pimbi! Unakwenda wapi?"

"Shikamoo, bwana mkubwa. Naomba nafasi. Nina mama yangu hapa, magoti yanamsumbua."

"Marahaba. Kikapuni mna nini?"

"Viazi vitamu."

"Lete viazi, upate nafasi."

Pimbi akatoa viazi. Kiboko akafungua kinywa, paaa! kama lango la ghala. Mpwa, mpwa, gudum! Viazi vikaisha, na maganda yakaisha.

"Haya, bwana mkubwa, niingie?"

"Mna pembe?"

"Pembe? Hatuna."

"Hapa ni pa wenye pembe. Songa!"

"Basi nimshushe mama tu hapa mlangoni."

"Hakuna kushusha! Priii! Songa!"

Tutu-tutu-tutu! Pimbi akaenda kwenye Ghorofa la Magari. Lakini Kiboko alijua njia ya mkato. Gudu, gudu, gudu! Alipofika Pimbi, Kiboko ameshasimama mlangoni, anahema.

"Lete mihogo, upate nafasi."

"Bwana mkubwa, umejuaje kuwa tuna mihogo?"

"Nimeinusa."

Paaa! Mpwa, mpwa, gudum! Mihogo ikaisha.

"Mna shingo?"

Pimbi akajigusa chini ya kidevu. Akamtazama mama yake. Akawatazama watoto. Wote kichwa kilikuwa kimekaa juu ya mabega kama kifuniko juu ya sufuria.

"Ya kusema hii ni shingo," akajibu, "hatuna."

"Hapa ni pa wenye shingo. Songa!"

Tutu-tutu-tutu! Gudu, gudu, gudu! Uchochoro wa Nyuma. Kunguru walikuwapo kweli, kumi na wanne, na katikati yao Kiboko, ameketi kitako juu ya nafasi tatu.

"Mama, usimpe mahindi," akanong'ona Kidawa. "Ndiyo yamebaki."

"Nisipompa, Bibi haoni ungo."

"Na ukimpa?"

Pimbi akatazama saa: nane na dakika arobaini. Akampa. Paaa! Mpwa, mpwa, gudum! Kiboko akala mahindi na vigunzi vyake, akala na kitambaa kilichofunika kikapu.

"Mna mkia?"

Wote wanne wakageuka kutazama nyuma. Jecha akazunguka mara mbili, pengine anao na hakuwahi kuuona. Hamna.

"Hapa ni pa wenye mkia," akasema Kiboko, akaachia mbweu. "Nendeni mkaote mikia, mrudi mwakani."

Watoto wakaanza kulia kwa njaa. Bibi akashika bega la mwanawe.

"Turudi, mwanangu. Ungo ni ungo tu. Nitakusimulia ulivyokuwa."

Pimbi akaitazama ile karatasi. Kwanza, pili, tatu. Hakuna nne. Akaikunja, akaikunja tena, akaitia mfukoni. Kisha akawasha gari, wala hakuelekea mlimani. Akalipeleka moja kwa moja barabara kuu, hadi mbele kabisa ya mlango wa makumbusho. Hapo akalizima. Fyuuu. Hatua kumi na mbili. Akazihesabu kwa macho, kisha kwa miguu.

"Shukeni wote," akasema. "Mkae ukutani kule, mbali na barabara. Jecha, shika mkono wa Bibi. Kidawa, shika mkono wa Jecha. Mtu asicheke."

Akafungua boneti. Akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Kisha akatafuta majani.

Nanyi mnajua mambo ya majani. Gari likizimika njiani, dereva hukata matawi akayalaza nyuma yake, ili wanaokuja waone mapema na wapite pembeni. Nchi ile ilikuwa hivyo hivyo. Majani ya gari bovu hayaguswi. Mtu anaweza kugusa mfuko wa jirani akasamehewa, lakini majani ya gari bovu, hapana.

Pembeni pale palikuwa na mwarobaini, matawi yake yameinama hadi chini. Pimbi akaupita. Akavuka barabara, akatazama kulia, kushoto, na kulia tena, akakata matawi ya mlonge, mabichi, laini, yanayonukia mvua. Akayapanga nyuma ya gari, moja, mbili, tatu.

"Mama," akasema Jecha, mate yakimdondoka, "tuonje kidogo?"

"Thubutu! Hayo si yako."

Magari yakaanza kupita pembeni kwa adabu.

"Poleni!" akasema Mbuni.

"Tumeshapoa!" akajibu Pimbi.

"Poleni! Betri?" akauliza Punda Milia.

"Bado tunachunguza!"

Gudu, gudu, gudu! "Priiiii! We pimbi! Ondoa gari!"

"Limeharibika, bwana mkubwa."

"Limeharibika nini?"

"Lilianza kukohoa, likapiga chafya mbili, likanyamaza. Naogopa kuligusa. Majani hayo hapo nyuma, yahurumie."

Asingeyataja, pengine Kiboko asingeyaona. Sasa akayaona. Pua ikatanuka. Alikuwa amekula viazi, mihogo na mahindi, lakini mboga ya majani hakuwa amekula.

"Majani gani haya?" akauliza, huku ameshainama.

"Ya mlonge, bwana mkubwa. Lakini tafadhali, yako kazini."

Mpwa. Tawi la kwanza. Mpwa. La pili. La tatu likaingia, kijiti kikabaki kinaning'inia mdomoni. Kiboko akajipangusa.

"Haya! Gari bovu lina majani. Hili halina majani. Kwa hiyo ni zima! Ondoa, nisikuo..."

Kriiiiiiiii!

Lori la mchanga lilitokea konani, na usukani kaushika Nyati. Likaserereka, likayumba, likasimama upana wa kidole kimoja kutoka kwenye makalio ya Kiboko. Mchanga nusu ukamwagika. Nyati akashuka, moshi unatoka puani.

"Gari linasimamaje barabarani bila majani? Dereva nani?"

"Ni mimi, kaka yangu," akasema Pimbi kwa sauti ndogo. "Majani niliweka. Matatu. Na hayajaenda mbali."

Nyati akatazama huku na huku. Mwisho akakiona kile kijiti. Kilikuwa bado kinacheza mdomoni mwa Kiboko, na jani moja la kijani limesimama mwishoni.

Mbuni akasimamisha gari. Punda Milia akasimamisha gari. Barabara nzima ikasimama.

"Amekula majani ya gari bovu!"

"Mtu mzima!"

"Na filimbi shingoni!"

"Ndiyo maana wakwe zake hawamtembelei!"

Kiboko akataka kukimeza kile kijiti, lakini Nyati alikuwa ameshainua kwato.

"Msimpige, jamani," akasema Pimbi. "Majani hayajapotea, yamehama tu. Yalikuwa chini, sasa yako tumboni mwake. Basi, kwa hesabu yangu, yeye ndiye majani."

Nyati alikuwa akifikiri, na Nyati akifikiri husikika: kriki, kriki, kriki, kama mlango mkuukuu.

"Kweli," akasema mwishowe. "Wewe ndiye majani. Simama hapo nyuma ya gari, hatua kumi. Usisogee. Na hicho kijiti usikimeze, ndicho kinachoonekana."

"Hpaka hini?" akauliza Kiboko, kijiti katikati ya meno.

"Mpaka fundi aje."

"Hundi aheitwa?"

"Ndiyo naenda kumtafuta," akasema Pimbi, akawachukua Bibi na watoto, wakaingia makumbusho.

Nyati akarudi kwenye lori na kuegesha ng'ambo ya barabara, kuhakikisha majani hayatembei. Kiboko akajaribu kupiga filimbi. Fii. Kijiti kilikuwa kimeziba njia. Walioona hivyo wakageuza magari, wakajaza Kiwanja cha Langoni, wenye pembe na wasio na pembe. Na kila aliyepita, akampungia mkono: "Pole, bwana majani!"

Saa tisa na dakika ishirini na tano. Hatua kumi na mbili, na nyingine thelathini na moja ndani ya ukumbi. Bibi hakupumzika. Ukutani, juu, chini ya taa, ungo. Ukingo wake mwekundu ulikuwa umepauka, na upande mmoja una doa jeusi la kuungua.

Bibi akasogea hadi pua ikakaribia kugusa ukuta.

"Ndio wenyewe," akasema.

Mlinzi wa ukumbi, Korongo mwenye miwani, akaja kwa miguu yake mirefu. "Msiguse, tafadhali. Hiyo ni ngao."

"Ngao?" akauliza Pimbi.

Korongo akasoma kibandiko kwa fahari: "Ngao ya Shujaa Asiyejulikana. Alama ya moto inaonyesha kuwa alipigana vita vikali, peke yake, dhidi ya adui wengi, wala hakurudi nyuma."

Kidawa akaziba mdomo. Jecha akalala chini kabisa kwa kicheko.

"Huo ni ungo wangu, baba," akasema Bibi. "Hapo palipoungua niliuweka karibu na jiko nikaenda uani kusengenya. Nilikuwa na watoto tisa, mchele kibaba kimoja, na wageni hawaishi. Nipe, nikuonyeshe."

Sijui ni kwa nini Korongo alimpa. Labda kwa ile sauti, ya mtu aliyezoea kupewa. Bibi akaushika kwa mikono miwili, macho yamefumbwa. Pe-ta, pe-ta, che! Pe-ta, pe-ta, che! Hakukuwa na punje hata moja, lakini wageni wote ukumbini walirudi nyuma, makapi yasije yakawaingia machoni.

Korongo akavua miwani, akatoa kalamu, sura imemshuka. "Samahani sana, Bibi. Nirekebishe kibandiko kabla hatujafunga. Niandike 'ungo'?"

Bibi akaupapasa ungo mara ya mwisho, akamrudishia.

"Nisomee tena hayo maneno."

Korongo akasoma: peke yake, dhidi ya adui wengi, wala hakurudi nyuma.

"Acha hivyo hivyo," akasema Bibi. "Sehemu moja tu ndiyo mmekosea. Palipoandikwa 'asiyejulikana', weka Mwanakheri."

Walipotoka saa kumi kamili, Pimbi alifunga boneti, akaondoa jiwe, akageuza ufunguo. Tutu-tutu-tutu!

"Lihehona?" akapiga kelele Kiboko.

"Limepona, bwana mkubwa! Lilihitaji kupumzika tu!"

Wakaenda zao majabalini, Bibi mbele, anatabasamu. Nyati naye alikuwa amesinzia kwenye usukani, kwa hiyo hakuna aliyemwambia Kiboko kwamba anaweza kuondoka. Yawezekana hata sasa bado anamsubiri fundi.

Funzo la kisa hiki, watoto, ni hili: ukienda mjini, egesha gari mahali panaporuhusiwa, usiseme uongo kuhusu betri, na mtu mwenye filimbi mheshimu siku zote.

"Mmesikia?"
"Tumesikia!"
"Mtafuata?"
"Hatufuati!"
"Basi kisa kimekwisha. Kilichonoga ni chenu, kilichochacha nirudishieni mwenyewe."