Mbu Aliyebeba Mgeni

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma hamkuitika. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wanyama waliopenda vyungu. Kila mlango chungu, kila chungu maji, kila maji mbu. Na mbu hao walimbeba Kidingapopo, ile homa ya kuvunja viungo. Akikupanda, macho yanauma, mifupa inauma, hata manyoya yanauma.

Bi Kima alikuwa na mtoto mmoja tu, Kidole. Kidingapopo alishampitia mara moja, akapona kwa tabu. Nguchiro, mganga wao, akasema, "Akirudiwa, Bi Kima, sidhani kama atainuka."

Tangu hapo Bi Kima hakuwa na kazi nyingine. Mbu akipita, paa! Mwingine, paa! Viganja vikamvimba. Wakifa kumi, wanakuja mia.

Asubuhi moja, nziiii, mbu akatua ukingoni mwa chungu chake. Bi Kima akainua mikono.

"Ngoja, mama," mbu akasema. "Naitwa Nzile. Tumboni nina mgeni."

"Mgeni gani?"

"Kijidudu kisichoonekana kwa jicho. Nimempata kwa Inzi wa ndizi mbivu, aliyekaa naye tangu enzi za bibi zake. Akiwa tumboni mwangu, Kidingapopo hapati pa kulala. Na wanangu wote watazaliwa naye. Niache nitage hapa."

Bi Kima akacheka kwa uchungu. "Nifuge mbu? Majirani watasema nimerukwa na akili."

"Watasema. Hata jamaa zangu wananiita punguani. Lakini mabawa yangu yamechoka, chungu kingine sikifikii. Ukitaka kupiga, piga."

Nyinyi mngefanyaje? Msinidanganye, mngepiga. Bi Kima alitaka kupiga. Akamtazama Kidole anavyocheza. Akasema polepole, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kisha akaibana mikono kwapani, isije ikamsaliti.

Nzile akataga, akafa palepale. Kambu kadogo kale, na moyo ule!

Ngiri jirani akaja mbio. "Mwaga maji hayo."

"Chungu changu, lawama zangu," Bi Kima akajibu, akakaa mlangoni akikilinda siku kumi.

Watoto wa Nzile wakaruka. Wakaoa, wakaolewa, wakazaa. Mgeni akaingia chungu hadi chungu. Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena.

Siku moja mbu akamuuma Kidole mkononi. Bi Kima akamkimbilia. Akawa anamgusa paji la uso kila siku, kuona kama lina joto. Siku ya kwanza, baridi. Ya tatu, baridi. Ya saba, Kidole akanung'unika, "Mama, panawasha."

"Panawasha tu?"

"Panawasha tu."

Bi Kima akalia kwa furaha. "Basi jikune, mwanangu. Jikune."

Funzo lake ni hili: dawa huweza kuja na sura ya adui, kwa hiyo sikiliza kabla hujapiga. Hadithi yangu imetua hapo.