Ngoma ya Wenye Njaa

Nasimulia, nasimulia!
— Simulia tukusikie!
Mwenye usingizi akalale!
— Hapa hayupo!

Hapo kale, huko Punjabi, palikuwa na jemadari wa Masingasinga, Tehal Singh, mtu wa kilemba cha buluu na nywele zisizojua mkasi. Desturi yao, kabla ya kula ngoma ilipigwa langoni na mtu akaita: mwenye njaa na aje. Akija rafiki, huketi chini kwenye safu. Akija adui, huketi safu ileile.

Liwali wa mjini akachukia. Akawazingira katika ngome yao ya udongo, akatuma mjumbe: nyoeni nywele, nyamazisheni ngoma, mtaishi.

Tehal Singh akajibu, “Nywele ni za Mungu, ngoma ni ya wenye njaa. Bwana wako hana chake hapa.”

Unga ukapungua, ngoma ikapigwa. Ukapungua tena, ikapigwa tena. Askari wa liwali waliisikia, wakadhani ni mtego. Mwishowe ukabaki unga wa sufuria moja. Mpishi, Mai Rajo, akamwambia jemadari kwamba adui wakiitika leo, watoto wa ngome watalala njaa. Tehal Singh akautazama ule unga. Roho ilimuuma, maana na wanawe walikuwamo.

Farasi wake akainua kichwa. “Bwana, pikeni na dengu zangu. Mimi nitakula nyasi za paa.”

Dengu zikatiwa jikoni. Tehal Singh akaenda langoni, akaipiga ngoma mwenyewe.

Kumbe wale askari walikuwa hoi. Liwali alikula pilau hemani, wao wakimeza mate. Wakaja mmoja mmoja, wakaacha bunduki langoni, wakaketi na watoto. Kila mtu akapata kipande cha mkate na dengu kidogo.

Liwali akaja mbio, joho mkononi. Akaamuru washambulie. Wakatafuna. Akaamuru tena. Wakatafuna. Mara ya tatu akajibiwa na mchunga farasi wake, mdomo umejaa: “Bwana, tumekwisha kula chumvi yao; aliyekulisha humpigi.”

Tehal Singh akamwonyesha nafasi kando ya mchunga farasi. “Keti, Liwali. Chini, kama sisi.”

Liwali akakataa. Akarudi mjini kwa miguu, maana hakuna aliyeinuka kumtandikia farasi.

Basi msikieni mwenye bunduki, lakini msiache kupiga ngoma yenu kwa kumwogopa. Ngano nimeipika, nimeipakua. Na kama yule liwali ni babu yako, usininunie mimi. Aliambiwa aketi.