Hodi ya Mwanamize

Paukwa!

— Pakawa!

Ngano yangu iko mlangoni, inasema hodi.

— Karibu, iingie!

Haya, imeingia, imekaa. Na hakuna aliyeiuliza jina lake. Likumbukeni hilo.

Hapo kale, kale hasa, palikuwa na Sultani na mkewe, Bi Tunu. Walikuwa na mlango. Kasri walikuwa nayo pia, bila shaka, lakini watu walikuja kuutazama mlango: umechongwa maua, umepigwa misumari ya shaba, mzito hata wausukume watu watatu. Sultani aliusifu kama vile ameuzaa yeye.

Alichozaa hasa ni binti, Mwanamize. Siku mtoto alipotimiza arubaini, wakaalikwa wakubwa wote wa mji, pilau ikapikwa. Mara ikasikika sauti nje. Alikuwa jini wa kike, kanga imepauka, miguu vumbi tupu, ametoka mbali kuja kumwona mtoto.

"Hodi!"

Bawabu akachungulia. "Nani?"

"Mgeni."

"Mgeni ndilo jina?" Akafunga.

"Hodi!"

"Wa ukoo gani?"

"Mgeni tu, baba."

"Sisi hatuna ukoo huo." Akafunga.

"Hodi!"

Mara hii hata bawabu hakujibu. Pilau ilikuwa imefika.

Na ada mnaijua: hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, unageuka unakwenda zako. Jini akageuka, lakini kwanza akauambia ule mlango: "Mtoto huyu akifikisha miaka kumi na mitano, atatoka hapa na kugeuka ndege, tetere. Atapiga hodi kwao, na hataingia mpaka mtu wa ndani amwambie karibu bila kumuuliza nani. Miaka saba ikipita, atabaki tetere moja kwa moja."

Hakuna aliyesikia. Laana ilisemwa mbele ya mlango uliofungwa. Tumesikia sisi tu, na sisi hatuna la kufanya.

Miaka kumi na mitano ikafika. Mwanamize akatoka kuanika nguo yake, na nguo ikabaki kwenye kamba bila mwenyewe.

Wakaja waganga. Wakaja wanajimu. Wakaja wenye vilemba vikubwa kuliko vitabu vyao. Huyu akasema binti yuko chini ya bahari, huyu akasema yuko nyuma ya milima, huyu akaomba muda wa kufikiri na chakula cha kufikiria. Wote waliingia na kutoka kwa mlango ule ule, na tetere yuko juu ya kizingiti anawatazama visogo.

Sultani naye akatoa amri: tangu leo asiambiwe mtu karibu mpaka ataje jina, ukoo na shida yake. Hivyo ndivyo alivyomtafuta mwanawe.

Kila alasiri tetere alishuka mbele ya mlango. "Hodi. Hodi. Hodi." Sauti ya kukwama, kama ya mtu aliyelia jana. Na kila alasiri Bi Tunu alikimbia, kanga inamdondoka.

"Nani? Ni wewe, Mize? Sema ni wewe!"

Nje kimya. Tetere hawezi kusema mimi. Bi Tunu akaegemeza paji la uso kwenye ubao upande huu, tetere akaegemeza kifua upande ule. Kati yao, mbao ya unene wa shubiri moja.

Kasri ile ilikuwa na paka. Siku moja akamwuliza ndege kwa lugha yao wanyama, "We tetere, kinakuleta nini hapa kila siku?"

"Hapa kwetu."

"Kwenu! Na miguu hiyo myekundu? Basi si upite dirishani?"

"Nimejaribu. Mbawa zinakataa. Mpaka niambiwe karibu."

"Karibu basi," paka akasema, akajilamba mdomo.

"Wewe si mtu."

Paka hakuwa na haraka naye. Kila jioni Bi Tunu alimpakulia mwanawe wali na samaki, akafunika kwa kawa, akamngoja. Asubuhi sahani tupu. Paka alikuwa amenenepa kama mto wa kulalia.

Na kila mwaka maneno yalimpotea tetere. Kwanza jina la mji. Kisha la baba. Kisha lake mwenyewe. Siku ya mwisho ya mwaka wa saba aliamka akalitafuta neno mama, akalikosa. Limebaki moja tu.

Jua likainama. Akashuka mlangoni.

"Hodi."

Ndani, Bi Tunu ndiyo kwanza amefunika sahani. Hakukimbia.

"Hodi."

Akasimama. Mdomo ukaanza wenyewe: "Na—" Akaukatiza. "Miaka saba nauliza nani," akasema, "na kila siku kimya kinanijibu kwamba si yeye. Nimechoka kuuliza."

Paka, kichwa chini ya kawa, akaacha kutafuna.

"Hodi." Nyembamba, kama uzi unaotaka kukatika.

"Karibu," akasema Bi Tunu. "Uwe yeyote, karibu. Chakula kipo, mwenyewe hayupo."

Akausukuma peke yake mlango wa watu watatu. Nje alisimama mwanamke mzima, miguu mitupu, manyoya ya kijivu kwenye nywele. Bi Tunu akafumbua mdomo, "Na—", akauziba kwa mikono yote miwili.

Maneno ya mwanamke yalikuwa bado njiani. Akampita, akaenda moja kwa moja kwenye mkeka wake, akaketi, akafunua kawa. Kichwa cha samaki na mkia. Ndipo maneno yakarudi yote kwa pamoja.

"Mama, nani amekula samaki wangu?"

Paka akaruka nje kupitia dirishani. Ndiyo maana mpaka leo paka haingii kwa hodi: anaogopa kuulizwa.

Sultani aliporudi alikuta mlango wake wazi na kuku wawili sebuleni. Akafura kugomba. Kisha akaona aliyeketi mkekani, naye akaketi.

Ngano yangu imeaga, imetokea ilikoingilia. Ubaya wake waachieni mabawabu, uzuri wake wapelekeeni walio njiani. Na mnaotaka funzo, hili hapa: sema karibu kwanza, jina atakutajia akishashiba.

Na aliyekula muhogo wangu nikisimulia, simwulizi nani. Namwona.